Fender ya Tom Morello iliyokarabatiwa: nikague nini kabla ya kulipa?

SWALI: Mimi ni mpigaji wa solo kwenye bendi ya benga hapa Kisumu, na Jumapili napiga kanisani. Gitaa langu limechoka. Nimepata Fender Stratocaster ya Tom Morello iliyokarabatiwa, muuzaji yuko Nairobi na anataka shilingi 110,000. Anasema ni "kama mpya" na atanitumia kwa basi nikilipa nusu kwanza. Je, ninunue? Nikague nini?

JIBU: Ndugu yangu, usitume nusu. Gitaa la aina hii hukaguliwa likiwa mkononi, limeunganishwa na amplifaya, na nauli ya kwenda Nairobi na kurudi ni hela ndogo ukilinganisha na kubadilisha freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) au kuchimbua nguzo za tremolo (briji yenye mkono wa kuyumbisha sauti). Kama huwezi kwenda, mtafute mpigaji unayemwamini akukagulie, na muuzaji akuandikie kwamba una siku saba za kulirudisha. Akikataa yote mawili, tafuta gitaa lingine. Akikubali, soma hadi mwisho, kwa sababu hata likiwa zima kabisa kuna jambo moja katika gitaa hili ambalo mpigaji wa benga anapaswa kulifahamu mapema.

Tuanze na unachokinunua. Tom Morello, aliyekuwa mpigaji gitaa wa bendi ya roki ya Rage Against the Machine, ambaye baba yake ni Mkenya, ana Stratocaster nyeusi yenye maandishi "Soul Power" aliyoipiga sana enzi za bendi yake nyingine, Audioslave. Mwaka 2020 Fender walitoa modeli ya kuiga hiyo, inayotengenezwa Mexico. Bodi ni ya mti wa alda, rangi nyeusi, pickguard yake (bamba la mbele linalokinga rangi) inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Freti ni 22. Briji ni tremolo ya Floyd Rose, na nyuzi hufungwa pia kwenye nati, pale zinapopita kuingia kichwani. Pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) ya shingoni na ya katikati ni Fender Noiseless, ya kwenye briji ni Seymour Duncan Hot Rails. Kuna pia swichi ndogo ya kukata sauti, ile Morello anayoichezea kwa kidole hadi gitaa linatoa milio kama ya DJ. Ikariri orodha hii. Fedha unazolipa juu ya bei ya Stratocaster ya kawaida ya Mexico zinalipia vitu hivyo, na kimojawapo kikiwa kimebadilishwa, bei nayo lazima ibadilike.

Usichanganye modeli ya saini na gitaa lililotiwa saini. Jina la mwanamuziki hapa limechapishwa kiwandani, hakuna mkono wa mtu uliopita pale. Muuzaji akikuambia saini inaongeza thamani, anakuuzia wino. Stika ya "Soul Power" nayo hutoka kiwandani ikiwa pembeni, mwenye gitaa ndiye anayeamua kuibandika, kwa hiyo kuwepo au kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote.

Sasa hilo neno "kukarabatiwa". Halina kipimo. Linaweza kuwa gitaa lililorudishwa dukani baada ya siku tatu kwa sababu mteja hakupenda rangi. Linaweza kuwa la maonyesho, limeshikwa na watu mia. Linaweza kuwa lilivunjika likiwa safarini likagundishwa. Linaweza kuwa la mtumba tu, likapigwa polishi na kuwekwa nyuzi mpya. Kwa hiyo usiulize kama ni zima. Uliza lilikuwa na tatizo gani, nani alilitengeneza, na ni sehemu zipi si za asili. Mtu aliyelikarabati kweli atajibu papo hapo, atakuambia freti zilisawazishwa au swichi ilibadilishwa, na mara nyingi atakuwa na picha. Atakayerudia "kama mpya, boss" hajui alichonacho, au anajua sana.

Kuhusu waranti: ya Fender humlinda mnunuzi wa kwanza aliyenunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Wewe hautakuwa wa kwanza. Waranti yako ni ile muuzaji atakayoandika kwenye risiti, na risiti hiyo iandikwe kwa ukamilifu: jina la modeli, namba ya utambulisho, orodha ya sehemu za asili, na kazi iliyofanywa. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inadai bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Risiti iliyoandikwa "gitaa 1" haikupi maelezo yoyote ya kudai.

Namba ya utambulisho iko kwenye kichwa cha gitaa. Kwa Fender za Mexico za miaka hii huanza na MX kisha tarakimu mbili za mwaka: MX20 ni 2020, MX21 ni 2021. Gitaa la Morello lenye MX17 haliwezekani. Hapo shingo imetoka kwenye gitaa jingine. Namba sahihi peke yake haitoshi, kwa sababu namba hunakiliwa, lakini namba isiyoendana na modeli inatosha kukuondoa dukani. Omba pia picha ya mfuko wa shingo, yaani pale shingo inapokalia bodi, boliti zikiwa zimetolewa. Ndani humo huwa na mihuri au stika za kiwandani, na ndipo gundi iliyofichwa huonekana.

Shingo ndiyo ya kukagua kwanza. Lishike gitaa kama unavyolipiga, usililaze mezani. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1, na kwa mkono mwingine kwenye freti ya mwisho. Uzi ukinyooka hivyo unakuwa rula yako. Angalia mwanya uliobaki kati ya uzi na freti ya 8. Kwa fretibodi ya aina hii Fender hupendekeza takriban milimita 0.25, yaani karatasi mbili au tatu za A4 zikipita kwa kukwaruza. Mwanya ukikosekana kabisa, shingo imepinda kwa nyuma na nyuzi zitabwabwaja kwenye freti za chini. Ukizidi nusu milimita, imevutwa mbele. Yote mawili hurekebishwa kwa trasi rodi, ile fimbo ya chuma ndani ya shingo, na ndiyo sababu jaribio la maana ni la trasi rodi yenyewe: mwambie muuzaji aigeuze robo mzunguko mbele yako, kisha mpime tena. Ikiitikia, shingo ni hai. Ikigoma, au ikiwa imeshakazwa hadi mwisho na shingo bado imeinama, acha gitaa hapo. Hakuna punguzo linalofidia trasi rodi iliyokufa.

Freti zikague kwa macho na kwa kadi. Mpigaji wa roki hukwangua sana freti za kati kwa kuvuta nyuzi. Wewe utaishi juu, kati ya freti ya 10 na ya 19, maana solo ya benga hukaa huko. Vuta kila uzi katika eneo hilo nusu toni juu na usikilize kama noti inakatika. Kisha chukua kadi ngumu ya benki, simamisha ukingo wake juu ya freti tatu zinazofuatana, na uitingishe. Ikigonga kwa mlio mdogo wa "tik", freti ya katikati imeinuka. Mbili tatu za hivyo fundi huzisawazisha. Zikiwa nyingi, au kama freti zimeshasawazishwa hadi zimelala chini ya milimita 0.8, kazi inayofuata ni kuzing'oa zote, na hiyo ni kazi ambayo si kila mji una mtu wa kuiaminia.

Tukifika kwenye tremolo, nenda polepole. Hapa ndipo pesa za wengi hupotelea.

Floyd Rose haijakaa juu ya bodi. Inaegemea nguzo mbili tu. Nyuzi zinaivuta mbele, springi zilizo nyuma ya gitaa zinaivuta upande wa pili, nayo inaelea katikati. Mahali sahani ya briji inapokutana na nguzo pana makali kama ya kisu, na makali hayo ndiyo yanayoamua kama gitaa litarudi kwenye tuni baada ya mkono wa tremolo kubonyezwa. Yakila mtaro, au nguzo ikichongeka, briji hurudi leo hapa, kesho pale, na utalaumu nyuzi mwaka mzima.

Jaribu hivi. Weka skrubu ndogo za kutuni zilizo kwenye briji katikati ya mwendo wake. Tuni gitaa kwa vigingi vya kichwani, nyoosha nyuzi kwa mkono, tuni tena, kisha funga nati. Hakikisha sahani ya briji iko sambamba na bodi. Washa tuna, hata ile ya simu, na upige uzi wa kwanza. Bonyeza mkono wa tremolo hadi nyuzi zilegee, uachie, usome. Sasa uvute juu, uachie, usome tena. Tofauti ya senti mbili tatu (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni) haina neno. Kama uzi unabaki chini ukibonyeza na unabaki juu ukivuta, makali yamechoka au nyuzi zinateleza kwenye nati. Kutenganisha sababu hizo mbili, kaza nati vizuri na urudie: tatizo likiisha, ilikuwa nati. Lisipoisha, ni makali, na dawa yake ni sahani mpya na nguzo mpya.

Kisha washa tochi ya simu na umulike pale nguzo zinapoingia kwenye mbao. Tafuta ufa mwembamba wa rangi unaotoka kwenye nguzo kuelekea pikapu, na uangalie kwa ubavu kama nguzo imeinamia mbele. Nguzo ikiinama maana yake mbao chini yake imeanza kuachia. Hutibiwa kwa kuchimba, kupachika mbao ngumu na kutoboa upya kwa kipimo cha sehemu ya milimita. Mwenye duka atasema ni ufa wa rangi tu. Asikuambie hivyo ukakubali: bonyeza mkono wa tremolo taratibu huku ukiutazama ule ufa. Ukifunguka na kufunga, si rangi.

Mwisho wa tremolo, chukua spana ya Allen ya milimita 3 na ujaribu kila boliti: tatu za nati na sita za nyuma ya viti vya nyuzi. Usizifungue zote, igusie kila moja kwa zamu uone kama spana inashika. Tundu lililoviringika linaonyesha kulikuwa na mtu anayekaza kwa hasira, na mtu huyo huenda pia alipasua vile vibonge vidogo vya chuma vinavyobana uzi ndani ya kiti. Vibonge hivyo hununuliwa, lakini nunua sita kabla ya kuvihitaji. Na jambo ambalo mafundi wengi wa mitaani hulikosea: urefu wa nguzo haubadilishwi nyuzi zikiwa zimekazwa. Kugeuza nguzo chini ya mzigo ndiko kunakosaga yale makali. Kama ulimwona fundi wa muuzaji akifanya hivyo mbele yako, umeshajua ukarabati ulivyokuwa.

Upande wa umeme, beba multimita. Chomeka kebo kwenye jeki, fungua volume hadi mwisho, weka multimita kwenye kilo-ohm na uguse ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Chagua pikapu ya briji. Hot Rails ya briji yenyewe ni kama kilo-ohm 16 hadi 17, lakini ukipima kupitia jeki utasoma pungufu kidogo, 15 na ushee hadi 16, kwa sababu nobu ya volume iko sambamba nayo. Ukisoma karibu na 8, koili moja kati ya mbili za pikapu hiyo haifanyi kazi au imekatwa kwa makusudi. Ukisoma kama 4, koili zimeunganishwa sambamba. Ukisoma 250 au 500, unapima nobu peke yake. Pikapu imekatika ndani. Zile mbili za Noiseless ziwe na namba zilizotulia na zinazokaribiana. Multimita ikicheza juu chini huku kebo imetulia, kuna kiungo cha risasi ya kuchomelea nyaya kilichoachia.

Ukiwa bado na multimita mkononi, bonyeza ile swichi ya kukata sauti: namba ianguke karibu na sifuri mara moja na irudi mara moja. Swichi hii hupigwa mamia ya mara katika wimbo mmoja na watu wanaomwiga Morello, kwa hiyo ndiyo huchoka kwanza. Bahati nzuri ni kifaa cha bei ndogo, kinachobadilishwa kwa nyaya mbili. Usikatae gitaa kwa ajili yake, ila ombea punguzo.

Kipimo cha mwisho: shina la plagi na chuma cha briji. Lazima isome karibu na sifuri, chini ya ohm moja au mbili. Isiposoma, waya wa ethi unaokwenda kwenye springi umekatika, na gitaa litaendelea kuvuma hata ukigusa nyuzi. Hata ukiwepo, kumbuka kwamba waya huo unakuunganisha wewe na kasha la amplifaya. Kwenye harambee ya uwanjani, jenereta isiyo na ethi na maikrofoni mbele ya mdomo ni mchanganyiko wa kukurusha. Gusa maikrofoni kwa mgongo wa mkono kabla ya kuimba. Na kama muuzaji anakuongezea amplifaya iliyotoka Marekani, soma nyuma yake: ya volti 120 ikichomekwa kwenye 240 yetu haidumu dakika.

Tuseme limefaulu yote. Je, linakufaa?

Solo ya benga ni noti moja moja au mbili mbili, safi, za haraka, zinazofuata mkato wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo. Hot Rails ilitengenezwa kwa ajili ya sauti nzito ya roki. Ikipigwa safi hutoa sauti nene yenye kifua kikubwa, na ncha za noti hupotea chini ya besi na ngoma. Usiiondoe. Ishushe kwa skrubu zake mbili, nusu mzunguko kila mara, hadi iache kuzidi nguvu zile nyingine, na kazi yako kubwa uifanye kwenye pikapu ya katikati, au katikati pamoja na ya shingo. Zile Noiseless kwa benga na kwa kanisa ni nzuri kweli, hasa kwenye kumbi zenye taa za flourosenti zinazovumisha pikapu za kawaida.

Tatizo halisi ni lile la kuelea. Uzi wa kwanza ukikatika katikati ya wimbo, springi zinashinda, briji inazama, na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda juu ya tuni kwa pamoja. Kwenye gitaa la kawaida ungemalizia wimbo na nyuzi tano. Kwenye hili unasimama. Na huwezi kurekebisha kwa vigingi, kwa sababu nati imefungwa. Unahitaji spana, na watu wanacheza. Nyimbo za benga hazina dakika tatu za redio, zinaweza kwenda hadi wachezaji wachoke.

Dawa ni kuizuia kwa mbao, na haiharibu chochote. Fungua kifuniko cha nyuma. Utaona bonge la chuma linaloshuka kutoka kwenye briji, springi zikilivuta kuelekea upande wa shingo. Tuni gitaa, briji ikae sambamba, kisha pima kwa venia (kalipa ya kupimia unene) mwanya ulio kati ya bonge hilo na ukuta wa mbao wa upande wa shingo. Kata kipande cha mbao ngumu, mvule unafaa sana, chenye unene huo huo, upana wa kama milimita 40. Kisage kwa msasa hadi kiingie kwa kidole bila kulisukuma bonge. Kikishakaa, kaza skrubu mbili za kucha inayoshika springi, au ongeza springi moja, hadi bonge lilalie mbao kwa nguvu. Sasa uzi ukikatika briji haina pa kwenda. Bado unaweza kubonyeza mkono chini. Kuvuta juu ndiko kumekwisha, na katika benga hutakukumbuka. Ukitaka briji isimame kabisa, weka kipande cha pili upande wa nyuma wa bonge.

Kubadilisha nyuzi kwenye Floyd Rose kunachosha, jizoeze nyumbani. Badilisha mmoja mmoja, usitoe zote kwa pamoja. Kata kile kijipete cha mwisho wa uzi, ingiza ncha kwenye kiti, kaza kwa spana ya milimita 3 hadi ishike, ukomee hapo. Seti ya 9-42 au 10-46 ni sawa, lakini ukishachagua unene ubaki nao, maana kubadilisha unene ni kubadilisha mzani wa springi, urefu wa nyuzi na tuni ya oktavu kwa pamoja.

Bei. Shilingi 110,000 si ya kukataliwa wala ya kushangilia kabla ya kujua hali ya tremolo. Kipimo ninachokushauri ni hiki: tafuta lipo kwa bei gani jipya likishafika Kenya, na kama lililokarabatiwa halijashuka angalau theluthi moja, nunua jipya ukae na waranti. Kwenye kulinganisha, usitazame bei ya duka la Marekani peke yake. Forodha huanza kuhesabu kwa bei ya gitaa pamoja na usafiri na bima, huongeza ushuru wa forodha, hupiga VAT ya 16% juu ya jumla hiyo iliyovimba tayari, kisha huongeza tozo ya tamko la uagizaji na ya reli. Gitaa la umeme liko kwenye kundi 9207 la orodha ya forodha. Mpe wakala wako namba hiyo akupe hesabu ya leo kabla hujaagiza. Fretibodi ya mti wa rozwudi isikutie hofu: tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika hazidaiwi kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini), isipokuwa zile za rozwudi ya Brazil.

Ukilileta Kisumu, lije ndani ya kasha gumu na ukae nalo kwenye kiti. Sanduku la mizigo chini ya basi huchemka mchana, na barabara ya kupitia Nakuru na Kericho inapanda kwenye baridi kisha inateremka hadi joto la ziwa. Usilegeze nyuzi zote kwa ajili ya safari; briji ya Floyd itaanguka na kukwaruza bodi. Weka kitambaa kilichokunjwa chini yake. Ukifika, liache ndani ya kasha hadi asubuhi. Baada ya wiki moja pima tena ule mwanya wa freti ya 8, kwa sababu mbao iliyozoea hewa kavu ya Nairobi ikinywa unyevu wa ziwani husogea, na robo mzunguko wa trasi rodi wakati huo ni jambo la kawaida. Baada ya kila onyesho pangusa jasho kwenye boliti za briji kwa kitambaa kikavu, na tone la mafuta ya cherehani kwenye makali mara moja kwa miezi michache. Kutu huanzia kwenye yale matundu ya spana.

Kama muuzaji ana modeli nyingine za saini na hili likishindwa ukaguzi, PRS SE Silver Sky ya John Mayer, iliyotoka 2022 na hutengenezwa Indonesia, ina tremolo rahisi isiyofunga nyuzi na sauti safi inayokaa vizuri juu ya benga. Stratocaster ya Eric Clapton ni nzuri mno, lakini ina saketi ya kuongeza nguvu inayokula betri ya volti 9. Fungua sehemu ya betri uone kama imevuja kutu ya kijani. Ibanez za Steve Vai zinaelea kama hili la Morello, kwa hiyo zitakurudisha kwenye mbao ya mvule. Na ukionyeshwa Gibson Les Paul kwa bei ya kutupa, hesabu skrubu za kifuniko cha trasi rodi pale kichwani: Gibson huweka mbili. Bandia nyingi zina tatu.

Siku ya malipo, lipa kwa M-Pesa kwenye namba ya biashara, si ya mtu binafsi, baada ya kulipiga gitaa nusu saa mfululizo. Kasoro nyingi za makali na za risasi hazijitokezi dakika tano za kwanza. Hakikisha umekabidhiwa mkono wa tremolo, spana zake zote na kifuniko cha nyuma.